Mlango wa Pikapu ya Mzee Kimaiyo

Wapendwa mlioketi chini ya hema na nyinyi mliosimama kule kwa ua, wageni wetu wa kutoka Mogotio, mafundi wenzake marehemu kutoka Rhonda, viongozi wa kanisa na majirani wa hapa Subukia, familia imenituma mimi, Joan, dada mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, na inawaomba mapema mvumilie, kwa sababu mengine yaliyo humu si ya kujivunia, na kama ingekuwa hiari yetu tungeyaruka, lakini mwenyewe aliacha neno kwamba yasirukwe.

Jamleck Gathogo Gachanja alizaliwa tarehe 12 Machi 1963 papa hapa Subukia, wakati ardhi hii ilikuwa bado shamba la mzungu, na wazazi wake, marehemu Gachanja na marehemu Waithera, walikuwa vibarua wa pareto. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano, mkimya, mwenye mikono isiyotulia, na mama yake alipenda kusema kwamba alimaliza utoto wake wote akipaka matope kuta ambazo hakuna aliyemwomba azipake. Mzungu alipoondoka na shamba likagawanywa, wazazi wake walipata kipande hiki tulichokanyaga leo. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa humu shambani kuanzia mwaka wa 1970 hadi 1976, akapita mtihani wa darasa la saba, lakini mwaka huo huo baba alivunjika mguu, na Gathogo akabaki nyumbani kuchunga ng'ombe hadi aliyemfuata alipokuwa mkubwa wa kumpokea fimbo.

Mwezi wa Januari 1981 alishuka Nakuru mjini, akapata kazi katika gereji moja ya Industrial Area, kwanza ya kuosha magari, kisha ya kupiga msasa, na mwaka wa 1985 akakabidhiwa bunduki ya rangi, ambayo hakuiweka chini kwa karibu miaka arobaini. Mwaka wa 1994 alifungua gereji yake mwenyewe nyuma ya nyumba yake kule Rhonda, na humo ndimo alimotunza familia yake, akasomesha watoto, akapaka magari ya harusi, ya wachungaji na ya wafanyabiashara, na malori ya madereva waliotoka hadi Mai Mahiu kumtafuta yeye tu.

Wengi wenu mnajua sifa yake ilitoka wapi, ila kwa wasiojua, gari la siku hizi hupakwa rangi kwanza, halafu juu yake hupuliziwa kliya, ile ya kung'aa ambayo haina rangi yoyote, na likikwaruzwa mahali padogo kazi si kurudisha rangi, kazi ni kuifanya hiyo mpya iingie ndani ya ile ya zamani, hata mwenye gari asijue moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mafundi huita hiyo kupoteza mstari. Gathogo aliupoteza vizuri, na alikuwa na sheria moja aliyowarudia vijana wa gereji hadi wakaiota, kwamba rangi unaweza kuipotezea katikati ya mlango, lakini kliya lazima ienee mlango mzima hadi ifike kwenye mpaka wa chuma, maana ukiikatiza katikati na kulainisha ukingo wake kwa thinna, yale maji ya kuyeyushia rangi, itang'aa siku hiyo na utasifiwa, kisha jua litaufunua ule ukingo pole pole mpaka duara lijitokeze na kuanza kubambuka. Na hakuwa na huruma kwa waliofanya hivyo. Tukienda naye Kikopey kula nyama, aliweza kuacha sahani ikipoa akaenda kupapasa gari la mtu asiyemjua na kumwambia, "Boss, hapa ulidanganywa," na sisi tukainamisha vichwa juu ya kachumbari kwa aibu.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa kanisani na Wariara, ambaye wengi mnamwita Mama Waithera, na Mungu akawabariki na watoto watatu, Waithera, aliyezaliwa mwaka wa 1991, Gachanja, wa 1994, na Wangechi, wa 1999. Waithera alienda kufundisha shule ya upili karibu na Mogotio, na huko akapatana na mwalimu mwenzake, Weldon, mwana wa Mzee Kimaiyo aliye hapa mbele yetu, na wazee wa pande zote mbili, ambao kwa historia ya makabila yetu mawili katika eneo hili wangeweza kulifanya jambo hili kuwa zito, hawakulifanya zito, na hilo ni la kushukuru.

Sasa tunafika mahali alipotaka tusipaharakishe.

Jumamosi, tarehe 10 Novemba 2018, watu wa Mogotio walikuja Rhonda kwa ruracio, yaani kuja kuzungumza habari ya mahari, mara yao ya kwanza kukanyaga boma lake, na Mzee Kimaiyo alikuja kwa pikapu yake ya rangi ya maruni, nyekundu iliyokoza, aliyoiosha ikawa kama mpya. Wazee walipokuwa ndani, Gathogo alitoka kuangalia nyama, akakuta upepo umeling'oa geti kwenye komeo, geti alilolichomelea kwa mikono yake mwenyewe, na limeukwaruza mlango wa dereva wa pikapu ya mkwe hadi chuma kikaonekana. Mgeni kuondoka kwa mkwe siku ya kwanza na jeraha kwenye gari lake, hilo kwake lilikuwa halifikiriki, hivyo badala ya kuingia ndani na kusema, aliwasha kompresa, mashine yake ya upepo, akachanganya maruni kwa jicho, na kwa kuwa kuufanya mlango mzima kungemtaka aliweke gari ndani ya gereji mpaka kesho yake, alipulizia kliya kwenye duara lisilozidi kifuniko cha sufuria ya harusi, akalainisha ukingo kwa thinna, akaukausha kwa taa na kuupiga polishi. Ndani, baba wa msichana alipoitwa aje aseme neno lake, hakuonekana, na ndugu yake Ngigi akalazimika kumsemea.

Harufu ya rangi ndiyo iliyowatoa wazee nje. Mzee Kimaiyo alielezwa yaliyotokea, akainama, akapitisha kiganja chake juu ya mlango, akasema mbele ya watu wote, "Fundi, hata mimi mwenye gari sioni ni wapi," na wazee wakapiga makofi. Hapo, na Gathogo aliyasema haya mwenyewe, alihitaji sentensi moja tu, kwamba mzee, hii ni ya kufika nyumbani tu, niletee gari wiki ijayo niimalize. Sentensi hiyo ilifika mdomoni. Lakini makofi yalikuwa matamu, wakwe walikuwa wanatabasamu, na yeye akajipangusa mikono na kusema, "Karibuni chakula."

Jua la Mogotio halina mchezo. Siku ya harusi, tarehe 13 Aprili 2019, pikapu ile ndiyo iliyotangulia msafara ikiwa na maua mbele, na kwenye mlango wa dereva duara lilikuwa limejitokeza, manjano pembeni, likianza kuinuka kama utando wa maziwa yaliyochemka, na mafundi watatu wa Rhonda waliokuwa wamealikwa waliliangalia, wakamwangalia mwalimu wao, kisha wakaangalia kwingine. Gathogo alimfikisha binti yake madhabahuni akiwa ametazama viatu vyake, na watu wakadhani ni uchungu wa kuachana na mtoto.

Tangu siku hiyo hakukanyaga Mogotio. Mjukuu wake wa kwanza, Jepleting, alipozaliwa tarehe 2 Februari 2020, Wariara alienda na akina mama kumwona mtoto, lakini yeye alisema ana gari la mteja. Ubatizo ulipofika kulikuwa na gari lingine la mteja, na Mzee Kimaiyo alipovuna na kuwaita wakwe wote, mteja huyo asiyeisha alikuwa amerudi. Waithera alipiga simu akilia, akamwuliza babake kama ni kwa sababu ya kule alikoolewa, na hata kwa mtoto wake mwenyewe hakuweza kusema ni mlango. Huku kwetu mtu akinyamaza, watu humtafutia sababu, na sababu ya kwanza inayowajia tunaijua sote, hivyo kwa karibu miaka sita watu wa Mogotio waliamini kwamba Gathogo hawataki kwa sababu ya kabila lao, na ndugu wengine wa upande wetu, kwa kusikitisha, walifurahia kuamini hivyo.

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, Mzee Kimaiyo aliendesha pikapu yake mwenyewe hadi Rhonda bila kualikwa, akaiegesha mbele ya gereji, akashuka, akaegemea mlango ule ule, akasema, "Mkwe, mimi ni mzee, sitaki kufa na swali. Nilikukosea nini?" Gathogo hakuweza kumtazama usoni. Aliunyosha mkono, akaweka kidole kwenye duara, ambalo kufikia wakati huo lilikuwa limebambuka hadi kwenye rangi, akasema, "Hii, mzee. Ni hii tu." Mzee Kimaiyo aliinama akalitazama duara, akasema, "Mimi nilidhani ni kabila. Kumbe ni mlango." Alipoulizwa mbona hakuwahi kuupeleka kwa fundi mwingine, alijibu kwamba angeupelekaje kwa fundi mwingine na mkwe wake ni fundi, watu wangesema nini. Wariara anasema waliketi kwenye benchi ya gereji hadi chai ikapoa, na kaka yetu akalia kwa aibu mbele ya vijana wake.

Kufikia hapo kifua chake kilikuwa kimeharibika. Kwa miaka mingi alipulizia rangi akiwa amejifunga leso tu puani, na mwaka wa 2022 daktari alimwambia kwamba mapafu yamechoka, akamkataza kabisa kushika bunduki ya rangi. Hata hivyo alimwomba Mzee Kimaiyo amwachie pikapu, akafunga kitambaa kinywani, akaanza kuukwangua mlango kwa msasa, kidogo asubuhi, kidogo jioni, akipumzika kwenye kiti kila mara, na hakumruhusu kijana yeyote amsaidie, mpaka duara, na kliya yote, na maruni yote ikaisha, akaupaka rangi ya kijivu ya kutangulia, mlango mzima, hadi mwisho wa chuma. Alikuwa anangoja kifua kitulie ndipo aendelee. Tarehe 27 Februari alishindwa kupumua, akakimbizwa hospitali mjini Nakuru, na siku ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa kumi alasiri, Bwana akamchukua, Waithera akiwa amemshika mkono mmoja na Mzee Kimaiyo ameshika mguu wake juu ya blanketi. Neno aliloacha ni kwamba mlango huu usomwe mbele ya watu, kwa kuwa makofi nayo aliyapokea mbele ya watu.

Tungependa kuishia hapo, ila kuna aibu nyingine, nayo ni yetu, ya wiki hii. Kamati ya mazishi ilipokuwa ikipanga msafara, sisi wa familia tulimfuata Mzee Kimaiyo kwa heshima zote, tukamwomba pikapu ikae nyuma kabisa, kwa sababu mlango wa kijivu kwenye gari la maruni ungeonekana vibaya kwenye picha, na mmoja wetu akajitolea kutafuta fundi aupulizie haraka haraka usiku mmoja. Mzee alikataa fundi, akasema mlango utabaki jinsi mkwe wake alivyouacha, lakini nyuma alikubali kwenda, akashukuru, na asubuhi ya leo pale chumba cha maiti alikuwa ameiegesha nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka. Wariara alipomuuliza mbona yuko huko, hakutaka kutusema, alisema tu kwamba kuna kivuli. Wariara alitugeukia, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Kwa hivyo sasa ni nyinyi mnaficha." Tukaenda wenyewe kule kwenye mapipa, tukamwomba Mzee aitoe pikapu na kuitanguliza.

Ndiyo sababu mmeiona pikapu ile ikitangulia jeneza tangu Nakuru, ikipita Bahati na kushuka mteremko wa Subukia, na imeegeshwa pale mlangoni na ubavu wake wa kijivu ukiwaelekea. Msiupite haraka. Mzee Kimaiyo, familia ya Gachanja inakuomba msamaha, kwa miaka ile sita na kwa asubuhi ya leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika na kifua chake, majirani wa Rhonda waliopika na kulala nasi, mafundi wa rangi waliofunga gereji zao leo, akina mama wa kanisa, na watu wa Mogotio waliokuja kwa wingi kuliko tulivyostahili, ambao kwa lugha yao tunawaambia asante, kongoi. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, na mlango mmoja ambao hakuumaliza.

Gathogo, kaka yetu, ulichoficha kimesomwa na watu wamesikia, na mkwe wako bado ameketi hapa. Inua macho kutoka kwenye viatu vyako sasa, upumzike kwa amani.