Shoka la Mzee Pancras

Katika basi la kwenda Biharamulo, Deodata alikuwa akimnyonyesha mwanawe, masikio yake yote yakiwa kiti cha mbele. Pale alikaa mzee Pancras na shoka lake, akienda Nyamigogo kukata mti wa mwisho shambani, ule wenye mizinga ya nyuki ya marehemu baba yake, auchome mkaa. Kando yake alikaa Tecla, mpishi wa kambi ya watalii.

"Babu, wageni wanakuja kuangalia miti. Ukiikata, waangalie nini?"

"Na nyama yao unaichoma kwa jua, mchumba? Si mnanunua mkaa huu huu?"

Tecla akacheka, kashikwa pabaya. "Kwani nyumbani huna mtungi wa gesi?"

"Ninao. Bibi yako kauvika kitambaa cha kufuma, uko sebuleni unapokea wageni."

Basi zima likacheka. "Uvue, babu!" Tecla akasema.

"Kauvue wewe. Mimi namwogopa mwenye nyumba."

Nyamigogo basi likasimama. Mzee akashuka mikono mitupu, akashika njia. Deodata akaliona shoka chini ya kiti. Akamtazama mwanawe, akauwaza ule mti wa mwisho, akasita, lakini adabu ikamsukuma.

"Babu, shoka lako!"

Mzee akageuka polepole, kama mtu aliyekuwa akiomba asiitwe.