Ndugu Dionis Hatungimana: Mbio Saba, Mikia Saba
Na Mwatumu Kudra, Karani wa Tawi

Ndugu Dionis Hatungimana anastaafu tarehe 30 Juni 1979, baada ya kuitumikia Kampuni ya Magari Malagarasi kwa miaka kumi na tisa, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa Meneja wa Tawi la Kasulu. Katika kipindi hicho alishiriki mashindano saba ya magari na kushika mkia mara saba. Hakuwahi kuharibikiwa na gari.

Sababu ni makofi. Mnaohamishiwa huku kutoka mbali, kama mimi niliyetoka Pangani, fahamuni kwamba Muha hasalimii kwa kupunga mkono huku anapita. Husimama, huinama, hupiga makofi taratibu, huuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za maharage, kisha huulizwa yeye. Ndugu Dionis alifanya hivyo katikati ya mbio, helmeti kichwani. Mwaka 1973 njia ya Kasulu hadi Kibondo ilikuwa na nyumba chache, akachelewa saa mbili tu. Mwaka uliofuata watu walihamia vijiji vipya, nyumba zikapangwa kandokando ya barabara. Alifika kesho yake.

Upande wa kandanda, aliunda timu ya mafundi wa gereji. Mazoezi yao yalikuwa kusukuma malori mabovu kupanda mlima. Walipata mapaja imara, ila walizoea kukimbia wameinamisha vichwa, na mpira uliwapita bila wao kuuona. Mwaka 1976 makao makuu walichoka, wakaandika kwamba kombe la kandanda la mwaka huo lisipokuja Kasulu, timu ivunjwe.

Fainali ilipangwa Kibondo saa kumi alasiri, siku ileile ya mashindano ya magari. Wachezaji walitangulia jana yake. Jezi na viatu vyote vilibaki kwa Meneja, naye akatuapia kwamba hatasimama popote. Alibandika magazeti kwenye vioo vya pembeni ili asione mtu. Wanakijiji wa Nyakitonto, njiani, waliona vumbi tupu. Kijiji cha mbele, Busunzu, aliingia akiwa wa kwanza, na hapo roho ikamsuta: alikuwa amempita Mama Winifrida, mzazi wa golikipa wetu Venanti, anayekaa Nyakitonto, bila hata “mwakeye” ya kumwamkia. Akageuza gari, akarudi mpaka Nyakitonto kuwaamkia wote aliowaruka, mmoja mmoja.

Habari hizo tulizipata uwanjani kutoka kwa dereva aliyepishana naye. Sifichi, nilimlaani Meneja kwa sauti. Ilipotimu saa kumi, mwamuzi, Mwalimu Omary wa kutoka Tanga, akashika filimbi ili awape Kibondo ushindi wa mezani.

Ndipo nahodha wa Kibondo, kijana Longinus, alipomwendea nahodha wetu, akainama, akaanza makofi. Akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za maharage. Akafuata mwenzake. Kumi na mmoja wakawaamkia kumi na mmoja, na Mwalimu Omary, mgeni wa watu, akaona haya kupuliza filimbi juu ya salamu. Walipomaliza, Longinus akakumbuka kwamba hawakuulizana habari za mbuzi. Wakaanza upya.

Gari liliingia jua likizama. Tulicheza dakika kumi na tano, tukashinda kwa bao moja ambalo hakuna aliyeliona likiingia, pamoja na aliyelifunga. Longinus alijua fika kwamba angenyamaza tu, kombe lingekuwa lake. Meneja alipoelezwa alilia mbele ya wafanyakazi wake, nami nikalia. Timu ipo hadi leo.

Ndugu Dionis, asante kwa magari uliyoyauza, kwa mafundi uliowalea na kwa kutuchelewesha. Uzee wako huko Kibondo unakohamia uwe wa afya na utulivu. Asubuhi utakapoondoka, wafanyakazi wote tutajipanga barabarani. Usishuke garini. Zamu hii tutakaoinama ni sisi.