Optatus Namkulala na Nyimbo Kumi na Mbili za Tekla

"Hivi Antonia, kaka yako ana wajukuu sita, eti sasa anarekodi nyimbo za mapenzi. Anamwimbia nani?" Jirani yangu Bi Moza aliniuliza hivyo tukipepeta mpunga. Siku ile niliona haya, nikaendelea kupepeta. Leo namjibu mbele yenu nyote: alimwimbia mkewe, Tekla, na Mungu ndiye aliyempa sauti ya kumwimbia.

Marehemu Optatus Dismas Namkulala alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Kilangala, Wilaya ya Lindi, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Dismas na marehemu mama Marietha. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975. Hesabu zilimshinda, siwezi kudanganya mbele ya jeneza. Lakini mwalimu akitaka darasa litulie, alimwambia Optatus aimbe.

Mwaka 1979 alikwenda Dar es Salaam, akajiunga na kikundi cha maigizo. Jukwaani yeye ndiye bwana harusi, ndiye anayeachwa, ndiye anayeimba. Alirudi 1988, akauza vitambaa kwenye duka la Mzee Mohammedraza, Lindi mjini, kwa miaka ishirini na saba. Mzee alikuwa akimlalamikia: "Optatus, punguza kuimba, wateja wanakaa hawanunui!"

Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa takatifu na Tekla. Walijaliwa watoto watatu.

Kanisani aliimba sauti ya tatu. Iliposikika kwamba anaandaa albamu ya mapenzi, viongozi wa kwaya walimsimamisha kwa kuimba nyimbo za dunia. Hakugombana na mtu. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma, akaimba hukohuko. Wenzake wa sauti ya tatu walipopotea, wakaanza kumfuata yeye, mpaka mwalimu wa kwaya naye akageukia nyuma. Haukupita mwezi, wakamrudisha.

Juni 2022 maumivu ya koo yalimzidi. Daktari alisema ni saratani, apasuliwe upesi, na sauti haitabaki. Wakati huo alikuwa amerekodi nyimbo nne tu kati ya kumi na mbili, zile za mapenzi za zamani na zile za maigizo. Akaomba muda azimalize kwanza. Tekla alikataa kabisa.

"Nakutaka wewe, Baba Justa, sitaki albamu."

"Mke wangu, nikitoka huko sitaweza hata kukuita jina. Niache nikuite sasa."

Tekla alilia, kisha akampigia suti pasi. Daktari akaridhia wiki mbili. Mimi nilimwita mkaidi, nikasali rozari yangu kwa hasira. Mungu anisamehe.

Studio alisimama siku zote amevaa suti hiyo, kama yuko jukwaani. Kijana wa mitambo akamwambia, "Mzee, tuisafishe sauti kidogo kwenye kompyuta."

"Mwanangu, hiki si kitenge cha kufua. Iache hivyohivyo."

Wimbo wa mwisho aliumaliza tarehe 9 Julai. Tarehe 11 akapasuliwa. Albamu hiyo, "Kaa Karibu", ilitoka Septemba, na redio za hapa Lindi ziliipiga. Yeye alikaa anasikiliza, Tekla akiimba pembeni yake, na hakuna aliyewahi kumwona akijuta.

Miaka miwili na zaidi aliongea kwa kuandika kwenye daftari. Ugonjwa ulirudi Novemba iliyopita. Alipokea sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, akafariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 18 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Tekla, watoto Justa, Anthony na Marietha, wajukuu sita, na mimi dada yake. Ee Bwana, mpe kaka yetu pumziko na amani yako.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake ameandika hivi:

"Msipige albamu yangu makaburini. Ile ni ya Tekla, ataisikiliza nyumbani akipenda. Pale imbeni ninyi, kwa sauti zenu wenyewe. Antonia aanzishe."