Miksa ya Maiki Mbili

Ndugu zangu, nawasalimu kila mmoja kwa imani yake. Mimi si msemaji. Majirani zangu wa Miyuji waliopo hapa wanajua kwamba nyumbani kwetu mwenye maneno alikuwa marehemu mume wangu. Ila mmeniomba nisimulie nilivyosimama tena, basi nitasimulia kama ilivyokuwa.

Tulikuwa na redio ndogo ya mtandaoni, kwenye chumba cha nyuma, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Kila Jumamosi alasiri tulisoma salamu na matangazo ya misiba kwa watu wa Kondoa waliotawanyika huku na huko. Yeye na maiki yake, mimi na yangu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kucheka na kusema, "Na kweli." Miksa yetu, yaani ule mtambo wa kuchanganyia sauti, aliinunua kwa watu wa muziki wa harusi. Ilikuwa kubwa kama meza, na vitufe vyake vingi hatukuwahi kuvigusa.

Alipofariki nilizima kila kitu, nikaifunika miksa kwa kanga. Nyumba ya msiba haipigi redio, mnajua. Nikakaa eda. Eda ikaisha, ndugu wakanitoa, lakini ile kanga sikuitoa. Wasikilizaji wakawa wanatuma ujumbe: "Mbona kimya? Mzee anaumwa?" Sikuwajibu. Nawaambia, ndugu zangu, hilo ndilo lililokuwa likiniuma: redio yetu ilitangaza misiba ya watu wote, msiba wa mwenyewe haikuutangaza.

Nilipopata nguvu ya kuiwasha, miksa ikagoma. Vumbi la Dodoma lilikuwa limepenya kanga. Kila kitufe nilichokisukuma kilikwaruza, sauti inakuja, inapotea. Fundi akaifungua, akaipuliza, akaifunga. "Mama, hii imechoka. Tafuta nyingine, hata ndogo."

Nikaenda mjini na wifi yangu, dada yake marehemu. Kwenye duka la kwanza nikaona kubwa inayofanana na ile ya zamani. Nikaishika, sikutaka kuiachia. Haikuwa ya uwezo wangu, lakini nilishaanza kuwaza kuuza cherehani.

"Wifi, hii tutailaza kitanda gani?" akaniuliza.

"Nataka inayofanana na ya kaka yako."

"Kaka yangu hata nusu ya vile vitufe hakuvijua. Alikuwa anajidai tu. Twende."

Duka la pili tulimkuta kijana mpole. Akatuamkia, kisha akauliza jambo ambalo muuzaji wa duka la kwanza hakuliuliza: "Mama, mnaongea watu wangapi?"

"Wawili."

"Wote wawili, kila kipindi?"

Wifi akageuza uso, akawa anatazama nyaya zilizoning'inia ukutani. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapana. Ni mmoja. Mwenzangu amefariki."

Ndugu zangu, tangu tumzike sikuwa nimelitamka neno hilo. Wakati wote wa eda wengine ndio walionisemea. Nilikaa kwenye stuli ya dukani nikalia, na kijana wa watu amesimama tu na waya mkononi.

Nilipotulia nikamwambia, "Basi nipe ya maiki moja."

"Ipo, na bei yake ndiyo ya chini kuliko zote. Lakini mgeni akija, mama, ataongelea wapi?"

"Msinitazame mimi," wifi akawahi. "Mimi redio naisikiliza tu."

Nikachukua ya maiki mbili, yenye nafasi ya simu na waya unaoingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Yote haizidi sinia dogo. Kabla sijalipa, kijana alinivisha hedifoni, akaniambia nizungushe kitufe kimoja kimoja, nisikilize. Hakuna kilichokwaruza.

Jumamosi iliyofuata nilisoma tangazo la msiba wa mume wangu kama alivyokuwa akisoma ya wengine: jina lake, ukoo wake, alipozikwa. Mwisho nikaongeza, "Alikuwa na vitufe vingi kuliko alivyovijua." Sauti ikanikatikia hapo. Kimya kile kilikwenda hewani, mpaka nikasikia kwenye maiki ya pili, "Na kweli."

Alikuwa wifi. Nikacheka, na watu wakasikia nikicheka.

Namshukuru yeye. Nawashukuru akina mama mlioniletea uji bila kunilazimisha kuongea, na yule kijana wa dukani. Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa nataka kununua ukubwa wa kile nilichokipoteza. Nyinyi nunueni kwa ajili ya watu mlionao leo, na mumwachie mgeni nafasi yake.

Jumamosi hii wifi ana safari ya Kongwa, kwa hiyo maiki ya pili haina mtu. Mwenye salamu aje, na mwenye msiba aje. Ile kanga bado ninayo, naifunikia miksa kila tukimaliza kipindi. Chini yake sasa natanguliza nailoni, kwa ajili ya vumbi.