Historia ya Mzee Kimya, Aliyetengeneza Filamu Uani

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee historia hii, na mjane, shemeji yangu, amesisitiza isomwe yote, pamoja na lile jambo la redio, kwa kuwa wapo majirani ambao tangu Jumatano hawathubutu kumtazama usoni.

Marehemu, tuliyezoea kumwita Mzee Kimya kwa jinsi alivyopaza neno hilo kila alipowasha kamera, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika chumba cha nyuma cha duka la bibi yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986, kisha akasomea ufundi wa redio na televisheni, kazi iliyomlisha maisha yake yote, maana filamu, tuseme ukweli, hazikumlisha hata siku moja.

Tarehe 2 Septemba 1995 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote walijua kushika kipaza sauti kilichofungwa kwenye mpini wa ufagio kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Mwaka 2003 mteja mmoja alileta kamera mbovu, akaitelekeza, marehemu akaitengeneza, na tangu hapo nyumba haikuwa nyumba tena. Alitoa filamu kumi na moja, zote zikipigwa uani kwake, mavazi yakishonwa na shemeji kwa mabaki ya vitambaa, na waigizaji tukiwa sisi hawa hawa, tuliolipwa chai. Mama mkwe wake aliigiza maiti mara nne, akidai ndiyo kazi pekee isiyohitaji kukariri, ingawa mara zote nne alipiga chafya. Filamu ikikamilika, marehemu aliisambaza mwenyewe kwa baiskeli, akiipeleka saluni, kwa vinyozi na kwenye vibanda vya video, na miaka ya karibuni kwa mafundi simu, walioirusha kwenye simu za wateja.

Kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kukodi studio, alituzoesha kwamba kilio kikisikika uani kwake, kila nyumba izime redio, watoto washikwe, wala mtu asipige hodi mpaka atoke mwenyewe getini kushukuru. Tukazoea, tena tukajivunia, na jina lake likaendana na mtaa mzima.

Alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Agosti 2022, akatibiwa, akapata nafuu. Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa tisa alasiri, alianguka akifunga taa za filamu ya kumi na mbili, shemeji akapiga ukunga, akaita majirani, na redio zikazimwa, moja baada ya nyingine, ya kinyozi wa mkabala na geti ikiwa ya mwisho. Shemeji anasema alizisikia zikizimwa, akajua mnachofikiri, na hajawahi kuogopa namna ile. Alipokimbilia getini, kinyozi akamwinulia dole gumba, akimsifu kwamba leo amelia kweli kweli. Jamani, alipong'amua kwamba si maigizo, kinyozi huyo huyo ndiye aliyembeba marehemu hadi kwenye gari, na hajafungua kibanda chake mpaka leo.

Daktari ametuhakikishia kwamba moyo ulisimama papo hapo, na hata tungefika mbio tusingemkuta hai. Shemeji kwa hiyo anasema hana kinyongo na mtu, mlifanya alichowafundisha, na hakuna mtaa mwingine ambao ungemtii mume wake hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka yote hiyo, mafundi wenzake, wenye saluni na vibanda walioonyesha filamu zake wakati watu walitaka mpira, na majirani wote, na kinyozi anaombwa asogee huku mbele, akae na familia.

Tangu tulipoleta jeneza mtaa huu umenyamaza, redio zimezimwa, hata watoto mmewashika. Shemeji ameomba nimalizie kwa kuwaambia kwamba leo hakuna anayerekodi, kwa hiyo mwenye kulia alie, na kwa sauti.

Ulale salama, kaka, na utusamehe kelele.