Chupa Aliyojichagulia Shem Oloo

Mchungaji, wazee, akina mama wa kanisa, majirani wa Parklands na Ngara, na nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii ya tarehe 9 Novemba 1957, familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu Shem Oloo kabla lori halijaondoka naye kwenda nyumbani, na mjane wake, Philister, ambaye ndiye aliyetueleza mengi ya haya, ameomba lisifichwe neno hata moja.

Shem alizaliwa tarehe 14 Mei 1915 huko Ugenya, mtoto wa tatu wa mzee Odero na mama Dorka, akasoma shule ya misheni hadi mwaka wa 1930 baba yake alipofariki, na mwezi wa Februari 1936 akapanda gari la moshi kuja Nairobi, akaosha vyombo katika mkahawa mmoja wa mjini, hata tarehe 3 Juni 1940 alipoajiriwa katika klabu moja ya Wazungu upande wa Hurlingham, kwanza kubeba trei, baadaye akakabidhiwa ufunguo wa stoo ya vinywaji.

Huko ndiko kipaji chake kilikojulikana, kwa maana alitia wiski kidogo katika glasi, akaipasha joto kwa kiganja, akadondosha maji matone mawili matatu, akaipa muda, kisha akainusa mdomo ukiwa wazi kidogo, na hapo angekuambia kwamba hii imelala katika pipa miaka mingi, hii ni changa na imetiwa rangi, na hii nyingine kuna mtu ameifungua akaiongezea chai, wala wanachama waliokuwa na wageni wa heshima hawakuagiza kabla ya kumuuliza. Lakini kuionja hakuionja, kwa kuwa sheria ilimkataza Mwafrika pombe kali, na ingawa wenzake walimalizia mabaki jikoni, yeye alimwambia rafiki yake Gerishon Wahome, mpishi wa klabu, kwamba siku atakapokunywa atakunywa ameketi, kutoka chupa aliyoichagua mwenyewe, au hatakunywa kabisa.

Tarehe 20 Desemba 1941 alifunga ndoa na Philister, binti wa mwalimu Ogutu, aliyekuwa yaya katika nyumba moja ya Parklands, na chumba cha nyuma cha nyumba hiyo ndicho kilichokuwa kwao miaka yote, wakajaliwa Rispa mwaka wa 1943, Elisha mwaka wa 1946, na Dorka mdogo, aliyezaliwa mwaka wa 1949 na kuchukuliwa na surua akiwa na miaka miwili. Philister aliokoka mwaka wa 1948, akashuhudia mbele ya ndugu kwamba hataigusa pombe, na harufu iliyorudi na koti la mumewe ikawa inamtia aibu, hata akawa analianika nje kila jioni, na juu ya kazi ya Shem wakaacha kuzungumza.

Mapema mwaka wa 1955 pua yake ilianza kutoka damu, na Philister akang'amua kwamba kuna jambo siku maharagwe yalipoungua, naye Shem ameketi kando ya meko akisoma gazeti bila habari. Madaktari waliona uvimbe ndani ya pua. Kazini alificha kwa miezi kadhaa, akichagua kwa kukumbuka tu, mpaka chupa iliyoghushiwa ikapita mikononi mwake, mwanachama mmoja akaigundua, na Shem akaombwa ufunguo, akauweka juu ya meza, akarudi kuosha glasi.

Mwaka uliofuata, sheria ilipokuwa imelegezwa, siku ya Jumamosi tarehe 18 Agosti 1956, alivaa shati safi akamwomba mkewe amsindikize hadi duka moja la vinywaji Ngara, naye Philister akaenda, kwa kuwa aliona anaogopa kuingia peke yake. Shem alizipanga chupa, akazitazama kwenye mwanga, akazitikisa kidogo na kuangalia mapovu yanavyokaa, na mwisho akaichagua ya Kimarekani, iliyopikwa kwa mahindi, akisema mama yake alilima mahindi mpaka akazikwa. Nyumbani aliketi, akamimina, akangoja kama alivyozoea, akanusa, akaiweka glasi chini.

"Sipati kitu," alisema. "Ninusie wewe, Mama Rispa."

Philister alikumbuka ushuhuda wake, kisha akaiinua ile glasi. Alimwambia kuna mahindi ya kuchoma, kuna asali, na kuna ubao mpya, kama siku fundi alipoleta kitanda chao.

"Na moshi?"

"Moshi hakuna."

Shem alifumba macho akanywa polepole, akasema ulimi umepata utamu kidogo, basi, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Dorka mdogo, na Philister, asijue la kumfariji, akagusisha midomo yake ili amweleze ladha inayobaki nyuma. Ameagiza isomwe mbele yenu, ndugu mliopokea ushuhuda wake, kwamba ametubu mengi, ila kwa hili haombi msamaha kwa mtu.

Kila Jumamosi Philister alimnusia na kumsimulia, naye akionja tone tu, mpaka Julai mwaka huu koo la Shem lilipoziba, akalazwa hospitalini tarehe 2 Oktoba, na Jumanne tarehe 5 Novemba, saa nne asubuhi, Shem akakata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, na chupa ikiwa na zaidi ya nusu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliowapikia watoto, wafanyakazi wa klabu mliochanga mbao za jeneza, na Gerishon Wahome, aliyechukuliwa na askari katika msako wa hali ya hatari hapa mjini, Aprili 1954, na bado yuko kizuizini, ambaye hatujapata njia ya kumpasha habari kwamba leo tunamsindikiza rafiki yake.

Shem, mwana wa Odero, umechoka vya kutosha, nenda ukapumzike, na amani uliyoikosa kwetu uikute huko.