Mzee Kornel Lugembe, Aliyekaa Benchi la Nyuma

Mchungaji wetu Mayala, wazee wa kanisa, majirani wa Itetemia na ndugu mliotoka Lusu, anayesoma mbele yenu ni Anton, mdogo wake marehemu, yule mpishi wa jeshi aliyefika vitani Bama akarudi na kitambi chake kizima, ambaye jana aliposhuka kwenye treni alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, mbele ya matanga yote, akamshika mkono kwa mikono miwili na kumshukuru, kwa sauti ya kuitia askari chakula, kwa kukubali kaka yake azikwe kwa kengele, asijue kwamba mchungaji hajakubali, na kwamba kwa habari hiyo hiyo watu walikuwa wamekaa kimya tangu asubuhi. Msomaji amevuka bahari asipotee, akaja kupotea uani kwa kaka yake.

Mzee Kashindye, kiongozi wa baraza la wazee, alimvuta kando akamweleza kwamba marehemu amekufa akiwa ametengwa na Meza ya Bwana, na aliyetengwa hapigiwi kengele wala hazikwi na mchungaji, lakini baraza limeacha mlango wazi: familia ikilitaja jina ambalo marehemu alikataa kulitaja, kutengwa kutaondolewa leo, kabla ya kaburi. Jibu la familia litasomwa mwisho, kwa hiyo tunaomba utulivu, hasa huko nyuma.

Marehemu alizaliwa Lusu, Nzega, masika ya mwaka 1893, tarehe haikuandikwa, ila mama yetu alisema ni mwezi ule baba yetu Ngollo, mpagazi, aliporudi kutoka pwani na bega limechubuka. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1907 hadi 1910, akabatizwa Pasaka ya 1911, akachukuliwa kubeba mizigo ya vita mwaka 1916, na mwaka 1920 akaajiriwa katika matengenezo ya reli hapa Tabora, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 1946. Tarehe 9 Julai 1921 alifunga ndoa na Nyamizi, wakajaliwa watoto watatu, Katarina, Anselm na Damas, naye Damas akatangulia mbele za haki mwaka 1929 akiwa hajaanza shule.

Mwaka 1934 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akakabidhiwa mazungumzo, ile desturi yetu ya kila mshirika kuja peke yake kabla ya Meza ya Bwana na kueleza hali ya moyo wake. Marehemu hakumkalisha mtu kitini akamkazia macho, alisoma naye Neno, akafunga Biblia, wakatoka kutembea bega kwa bega katika njia ya zamani ya misafara, kwani alisema mwenye mzigo huongea vizuri akitazama mbele, na mkewe Nyamizi alifuata nyuma yao, awe ni mwanamke au mwanamume anayeshauriwa, ili wenye midomo wasipate la kusema. Wapo hapa waliotembezwa mpaka wakarudiana na wake zao, na wapo waliotembezwa mpaka wakaacha pombe, mmojawapo msomaji, aliyeiacha mara mbili.

Novemba 1950 baraza lilipata habari kwamba mshirika mmoja, mtoto wake akiwa mahututi, alichinja mbuzi kwa ajili ya mizimu, na kwamba alikwisha kumweleza marehemu, naye akamruhusu kushiriki Meza. Marehemu hakukana, alisema mtu huyo ametubu kwa machozi, na kwamba wametembea pamoja toka mavuno hadi mvua, wakisoma na kuomba, na sasa anasimama. Mzee Kashindye, ambaye ameridhia haya yasomwe, hakuwa na chuki, alihofia watu watazoea kutenda sirini na kutubu sirini, akamwambia, "Kornel, Meza si ya kwako, taja jina, sisi tutamrudi kwa upole." Marehemu akasema hata yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu, Injili haikuliandika jina lake.

"Yesu hakuwa na baraza la kujibu," akasema Mzee Kashindye.

"Alikuwa nalo," akajibu marehemu, "lilikuwa limeshika mawe."

Neno hilo ndilo lililomtoa Mezani. Tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma, wenzake walipokwenda kupokea yeye alibaki ameinamisha kichwa, hakuhamia kanisa jingine, hakumnunia mtu, wala watu hawakuacha kumfuata wakatembee, wakiwamo baadhi ya waliomtenga.

Machi 1952 miguu yake ilianza kuvimba, akatibiwa hospitali akarudishwa nyumbani, na mwezi Julai akaomba apewe Chakula cha Bwana kitandani, mchungaji akaja, akamwuliza lile jina kwa mara ya mwisho, mgonjwa akageukia ukutani. Alifariki Alhamisi, tarehe 7 Agosti 1952, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, wafanyakazi wenzake wa reli waliolichonga jeneza, na Mzee Kashindye, aliyemletea mgonjwa maziwa kila asubuhi akayaacha mlangoni. Nawe kaka, umetembea na wengi, sasa keti, upumzike kwa amani.

Limebaki jibu. Msomaji halijui jina hilo, marehemu hakumwambia, na wanaomfahamu msomaji hawahitaji kuelezwa sababu. Anayelijua ni shemeji yake, Nyamizi, naye leo asubuhi msomaji alimbembeleza sana, akamwambia shemeji, ni jina moja tu, mwenyewe alikwisha kutubu, huenda hata watamsamehe, na kaka atapata kengele yake, sasa niandike nini? Shemeji aliendelea kuchambua mboga, hakuinua uso.

"Andika azikwe bila kengele," akasema. "Tena mapema, jua linapanda."